KICHWA KIMOJA CHA TRENI, WATENGENEZAJI WATANO: ANGALIA CHINI KABLA HUJAPOSTI



Leo naleta somo la treni za kuchezea watoto. Najua wengi humu mnauza vitenge, viatu, simu na mafuta ya kupaka, na mtasema hili halituhusu. Subiri kidogo. Kilichonikuta mimi kwenye treni kinaweza kukukuta wewe kwenye chaja, kwenye mfuniko wa blenda au kwenye kipuri cha bodaboda. Kitu kina jina moja na sura moja, kumbe kimetengenezwa na kampuni tofauti, na cha huyu hakiingiliani kabisa na cha yule.

Mimi nipo Magamba, hapa Mpanda. Nauza vichezeo vya mitumba kwenye stetasi na kwenye magrupu ya WhatsApp ya Katavi na Rukwa. Mwaka jana nilishusha belo la midoli mchanganyiko kutoka Dar, laki mbili na themanini, nauli na ushuru mdogo mdogo elfu thelathini na tano. Nilipolifungua nikakuta vichwa vya treni kumi na vitatu. Saba kati ya hivyo vilikuwa ni "mtu" mmoja: kichwa cheusi, cha boksi boksi, chenye uso wa kijivu wa mtu anayepanga fitina.

Huyo anaitwa Diesel. Anatoka kwenye hadithi za Thomas, zile za mchungaji Mwingereza Wilbert Awdry ambazo kitabu cha kwanza kilitoka 1945. Diesel mwenyewe aliingia 1958 kwenye kitabu kinachoitwa Duck and the Diesel Engine, kama mgeni mjuaji anayekuja kuwadharau vichwa vya mvuke. Na kuna kichwa cha kweli kinachofanana naye: ile dizeli ndogo ya kupanga mabehewa stesheni ambayo reli za Uingereza ziliiita class 08. Zilitengenezwa 996, kati ya 1952 na 1962. Injini yake ilitoka English Electric, kampuni ileile iliyoiletea East African Railways dizeli zake kubwa za class 90 kuanzia 1960. Kwa hiyo ukimuuza Diesel hapa Mpanda, unauza binamu wa mbali wa kitu ambacho babu yake mtoto alikiona kikipita.

Mimi haya yote sikuyajua. Nilivipanga vyote saba kwenye mkeka, nikapiga picha moja, nikaandika: "Vichwa vya treni Diesel, original, elfu kumi na mbili kila kimoja, wahi." Hiyo picha moja ndiyo iliyonitoa jasho miezi miwili.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Sumbawanga. Mtoto wake ana reli za mbao alizoletewa na shangazi yake kutoka nje. Akalipa, nikampa mzigo dereva, keshoyake saa nne asubuhi simu: "Dada, hiki kichwa hakikai kwenye reli. Kinapanda juu kama mbuzi." Nikamwambia ajaribu kukikandamiza. Fikiria, mfanyabiashara mzima namwambia mteja akandamize! Mchana akaweka skrinshoti ya mazungumzo yetu kwenye grupu lenye watu mia mbili na kitu. Hakunitukana. Aliandika tu, "Muwe makini na wauzaji wasiojua wanachouza." Kweli ilikuwa hivyo, sikuwa najua.

Nikarudisha hela yake pamoja na nauli ya mzigo, halafu usiku nikakaa chini na rula, tochi ya simu na vile vichwa. Hapo ndipo somo lilipoanza.

Geuza kitu juu chini. Kwa vichezeo vya mitumba, ukweli uko tumboni. Juu ni uso na rangi, ambavyo kila kampuni inalipia leseni ili vifanane. Chini ndiko kuna jina la kampuni, mahali pa betri, aina ya magurudumu na namna ya kushika behewa. Nilipogeuza vyangu saba nikakuta watengenezaji watano, na mmoja hana jina kabisa.

Viwili vilikuwa vya mbao. Hivi ni vya Learning Curve, kampuni ya Marekani iliyoanza kutengeneza Thomas wa mbao 1992. Mwili ni gogo dogo la mbao lililopakwa rangi, uso ni wa plastiki, mbele na nyuma kuna sumaku, na jina la kichwa limeandikwa chini. Havina injini, mtoto anasukuma kwa mkono. Uzuri wake ni kwamba vinaingia kwenye reli za mbao za karibu kila mtu. Kampuni ya BRIO ya Sweden ndiyo iliyofanya kipimo hicho kizoeleke tangu ilipotoa reli zake za mbao 1958: kipande cha reli kina upana wa milimita 40, juu yake mifereji miwili, na katikati ya mifereji kuna kama milimita 20. Ikea nao reli zao za Lillabo zinafuata humohumo. Kwa hiyo mteja akikuuliza "itaingia?" usimjibu kwa kubahatisha. Mwambie apime upana wa reli yake. Ikiwa ni sentimita 4 na ina mifereji miwili, cha mbao kitaingia. Mama wa Sumbawanga angenitumia picha ya reli yake siku ile, au mimi ningemwomba, tusingefika kwenye skrinshoti.

Jambo dogo kuhusu hizi sumaku, maana limewahi kunirudishia mzigo. Sumaku za vichwa vya zamani zimekazwa, hazizunguki. Ukileta behewa upande usio wake zinasukumana badala ya kushikana. Mteja anasema mbovu. Siyo mbovu, geuza behewa.

Viwili vingine vilikuwa vya plastiki vyenye injini na betri. Hapa ndipo nilipochanganyikiwa zaidi, kwa sababu kwa macho ni pacha. Kimoja tumboni kimeandikwa Tomy, kampuni ya Japani yenye treni za plastiki zinazoitwa Plarail tangu 1959. Kingine kimeandikwa Mattel, ni cha TrackMaster ya Fisher-Price. Jina TrackMaster limepita mikononi mwa zaidi ya kampuni moja, na Fisher-Price walipolibadilisha muundo mwaka 2014, reli mpya zikawa haziungani na za zamani bila kipande maalumu cha kuunganishia. Ndiyo maana neno "TrackMaster" peke yake kwenye tangazo halimsaidii mteja. Aliyenunua seti ya zamani akipata kichwa kipya anaweza kuona kama umemtapeli.

Sisi watu wa Mpanda jambo hili tunapaswa kulielewa kuliko wengi. Treni inayotufikia kutoka Kaliua inatembea kwenye reli ya upana wa milimita 1,000. SGR iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Dodoma mwaka 2024 ni milimita 1,435. Zote ni za TRC, lakini huwezi kuchukua kichwa cha huku ukakipandisha kule. Siku hizi mteja akibisha namwambia hivyo, anaelewa palepale.

Vya betri pia vina ugonjwa wake. Fungua mfuniko kabla hujaposti. Kimoja changu kilikuwa na unga mweupe umeganda kwenye chuma cha kushikia betri, maana mwenyewe wa Ulaya alikisahau na betri ndani. Ule unga usiushike kwa mkono mtupu. Vaa hata mfuko wa plastiki mkononi, chovya kijiti cha pamba kwenye maji ya ndimu, sugua, kausha vizuri, rudia. Changu kiliwaka mara ya tatu. Kingekuwa hakijawaka ningekiuza kama cha kusukuma, elfu tatu, na kuandika wazi kwamba injini haifanyi kazi. Video ya sekunde kumi kikitembea sakafuni inauza kuliko picha sita. Na mwambie mteja aina ya betri. Changu cha Fisher-Price kinatumia mbili nyembamba za AAA, na kuna duka la huku kijijini hazipatikani mpaka uende mjini.

Cha tano kilikuwa cha chuma, kidogo, kinaenea kiganjani, chini kimeandikwa ERTL. Hivi vilitamba miaka ya 1980 na 1990. Hakina sumaku wala betri, kina kindoano. Reli ya mbao hakikai, reli ya plastiki hakikai vizuri. Mimi nilikidharau nikakiweka elfu nne. Akakichukua kijana mmoja wa mjini ndani ya dakika mbili, halafu akaniambia kwa heshima kabisa kwamba anakusanya hivyo na alikuwa tayari kutoa elfu kumi na tano. Sikuumia sana. Nilikuwa nimeshazoea kuumia mwezi ule.

Cha sita ndicho kilinifurahisha. Ni cha Bachmann, chini magurudumu yake ni ya chuma membamba kama sarafu, na hakina mahali pa betri popote. Nilidhani kimeibiwa kitu. Kumbe hiki ni cha umeme: kinavuta moto kutoka kwenye reli yenyewe, magurudumu ya kushoto upande mmoja wa umeme, ya kulia upande mwingine. Reli yake ina upana wa milimita 16.5 na inauzwa na kifaa chake cha kuongoza mwendo. Belo langu halikuwa na reli wala kifaa. Ukipata kama hiki, usikichomeke kwenye umeme wa ukutani, utaua kitu au mtu. Chukua betri ya mraba ya volti 9, weka waya mmoja kwenye gurudumu la kushoto na mwingine la kulia. Changu kilizungusha magurudumu na vile vyuma vya pembeni vikawa vinapanda na kushuka kama kweli. Watoto wa jirani walikaa hapo mpaka betri ikaisha. Kikanunuliwa na mwalimu wa fizikia, elfu ishirini na tano, anafundishia mota. Nisingejua namna ya kukijaribu ningekitupa kwenye fungu la elfu mbili.

Cha saba hakina jina. Plastiki nyepesi, uso umepakwa hovyo, magurudumu yanachomoka ukivuta. Hiki sikukiuza, na sababu yake ndiyo inayonileta kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo limenifanya niandike.

Pamoja na Diesel, belo lile lilikuwa na vichwa vingine vya mbao. Kimojawapo chekundu, kinaitwa James. Kizuri, rangi inang'aa. Nilimuuzia mama mmoja wa Kawajense kwa elfu nane, kwa ajili ya mtoto wake wa mwaka mmoja na miezi. Wiki tatu baadaye, nikiwa bado nasoma habari za watengenezaji ili nisiaibike tena, nikakutana na tangazo la Marekani la Juni 2007. Kampuni ya RC2, ambayo ndiyo ilikuwa inamiliki Learning Curve, iliita virudishwe vichezeo karibu milioni 1.5 vya Thomas vya mbao, vilivyotengenezwa China na kuuzwa huko kati ya Januari 2005 na Juni 2007, kwa sababu rangi ilikuwa na madini ya risasi. Vingi ni vya rangi nyekundu na njano. James yumo. Septemba mwaka huohuo wakaongeza vingine kama laki mbili.

Nilisoma mara mbili. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo inaathiri ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto wa mwaka mmoja kitu chake cha kwanza kufanya na kichezeo ni kukitia mdomoni.

Unaweza kusema, vilirudishwa, viliisha. Lakini wangapi hawakusikia tangazo? Wangapi waliviacha kwenye boksi darini, mtoto akakua, boksi likaenda kwenye mitumba? Meli ya mitumba haibagui kilichokatazwa na kisichokatazwa. Nikatafuta mwaka kwenye picha ya James niliyokuwa nimempiga. Tumboni kuna alama ya haki miliki na mwaka 2003. Na hapa wengi tunakosea: huo ni mwaka wa haki miliki ya mchoro, siyo mwaka kichezeo kilipotengenezwa. Chenye 2003 kinaweza kuwa kimetoka kiwandani 2006. Kwa hiyo sikuweza kujiambia kwamba kimo, wala kwamba hakimo.

Nitakuwa mkweli. Nilikaa siku moja na nusu bila kumpigia. Nilijiambia atanitangaza, nilijiambia labda mtoto hakitafuni. Siku ya pili jioni nikaenda mwenyewe kwa bodaboda. Kichwa kilikuwa mkekani, rangi ya mbele imeng'atwa mpaka mbao inaonekana. Mama akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu amekula sumu?" Nikamwambia sijui, inawezekana rangi hii ni salama, inawezekana siyo, na kwa macho hakuna anayeweza kujua. Nikampa elfu nane yake, nikampa na nauli ya zahanati. Mganga alimwangalia mtoto, akampangia tarehe ya kurudi, akamwambia kitu kile kiondoke nyumbani, mtoto anawishwe mikono, na ale vizuri vyakula vya kuongeza damu na maziwa. Mpaka leo yule mama hajanunua tena kwangu. Salamu anaitikia.

Nikaondoa sokoni vitu vyote vya mbao vyenye rangi nyekundu au njano ambavyo sikuweza kuthibitisha vilitoka lini, vikawa vinne. Nikavipasua kwa shoka nisije nikashawishika mwezi wa ada, nikavifunga kwenye mfuko na kuvitupa kwenye taka. Usivitie jikoni kama kuni. Rangi yenye risasi ikiungua, moshi na majivu vinakuwa vibaya zaidi. Hasara yangu ilikuwa kama elfu thelathini, na huyo wa saba asiye na jina nikamjumlisha humohumo, kwa sababu kitu kisicho na mtengenezaji hakina hata tangazo la kukirudisha.

Mzee mmoja wa hapa aliposikia habari hii alicheka kwa uchungu. Reli yetu hii, kama kilomita 210 kutoka Kaliua, ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa Uruwira Minerals, na madini yenyewe yalikuwa ni risasi. "Tuliipeleka kwa treni," akasema, "sasa inarudi kwa treni."

Basi siku hizi tangazo langu la Diesel linasomeka hivi: "Diesel wa mbao, mtumba, sumaku mbele na nyuma. Anaingia reli za mbao za sentimita 4 zenye mifereji miwili (BRIO, Ikea Lillabo na za aina hiyo). Haingii reli za plastiki. Hana betri. Rangi imechubuka kona ya nyuma, ona picha ya 3. Siyo kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Elfu tisa." Picha ya kwanza ni uso, ya pili tumbo na rula pembeni, ya tatu ni ubaya wake wote. Kuna aliyeniambia natisha wateja. Maswali ya inboksi yamepungua kweli, lakini wanaobaki wanalipa. Na ile ya miaka mitatu siyo mapambo: sumaku mbili zikichomoka na mtoto akazimeza, zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Kabla ya kuuza vuta kila sumaku na kila gurudumu kwa koleo.

Sasa hivi kuna fundi seremala hapa Magamba tunajaribu kitu. Ana vipande vya mninga vinavyobaki kwenye vitanda na milango. Nimempa Diesel mmoja wa mbao kama kipimo, lakini hatuchongi uso wala hatuandiki jina, hiyo ni mali ya watu. Tunachonga umbo la dizeli inayokuja hapa stesheni. Mzigo wa kwanza, vichwa sita, tuliharibu vyote: aliacha nafasi ya milimita 25 kati ya magurudumu, hakuna kilichoingia kwenye mfereji. Wa pili ameshusha, vinateleza vizuri. Hatupaki rangi. Tunapiga msasa, halafu nta ya nyuki ya Inyonga, na mninga wenyewe unatoa wekundu wake. Kimoja kinatugharimu kama elfu tano na mia tano pamoja na muda wake. Bado kinapingwa na wanaotaka kinachowaka taa na kupiga kelele, na sumaku nzuri tunazitoa Dar kwa shida.

Yule mama wa Sumbawanga nilimtumia picha wiki iliyopita, tumbo na rula. Alijibu baada ya siku mbili: ametuma picha ya reli yake ikiwa imewekewa rula juu, sentimita nne kamili, na swali kama mabehewa yapo. Hayapo bado. Fundi ameahidi Jumamosi.